Maswali ya wasomaji: Rada ya chumbani, pumzi na moyo

Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia hapa Moshi zinauliza jambo moja: vile vifaa vidogo vya rada vinavyotundikwa ukutani na kusoma upumuaji na mapigo ya moyo bila kumgusa mtu. Wengine wameletewa na ndugu walio nje, wengine wameviona kwenye matangazo ya simu. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa kuwa majibu ya nyingine yanaegemea hapo.

Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 78, anaishi Machame, na madaktari wamesema moyo wake umetanuka na hausukumi damu vizuri. Kaka yangu aliyeko Ujerumani anataka kututumia kifaa cha rada cha kuweka chumbani, kinacholeta mapigo ya moyo na upumuaji kwenye simu. Baba hataki kuvaa saa wala kubandikwa chochote. Je, kifaa hiki kinafanya kazi kweli? Na mimi nikiwa mjini nikaona namba kwenye simu, niziamini?
*Binti wa mzee, Moshi*

Marahaba mwanangu, na umfikishie mzee pole zangu. Kinafanya kazi. Mwaka 1975 mtafiti James Lin, huko Marekani, alishachapisha namna ya kupima upumuaji kwa mawimbi ya maikro bila kumgusa anayepimwa. Tangu hapo kilichobadilika zaidi ni ukubwa na bei: siku hizi rada nzima, antena zikiwemo, inaenea kwenye chipu ya milimita chache. Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute: namba ya pumzi iamini, mradi kifaa kimewekwa vizuri. Namba ya moyo ichukue kama fununu.

Nikueleze sababu. Ukisafiri kati ya Moshi na Arusha unazijua tochi za trafiki. Zile zinazotumia rada hutuma wimbi la redio kwenye gari na kupima lilivyobadilika linaporudi. Kifaa cha kaka yako kinafanya hivyo kwa kifua cha baba yako. Vingi vya chumbani hutumia masafa ya gigahezi 60. Vipo pia vya 24 na vya 77. Kwenye gigahezi 60 wimbi lina urefu wa milimita 5 tu. Kwa kuwa linakwenda na kurudi, kifua kikisogea milimita 2.5 wimbi linakuwa limezunguka duara zima. Mtu mzima aliyetulia anapovuta pumzi, kifua chake kinasogea kama milimita 4 hadi 12. Kwa rada hilo ni tukio kubwa, haliwezi kulikosa.

Moyo ni habari nyingine. Kila unapopiga, ngozi ya kifua inatikisika chini ya nusu milimita. Chukua robo milimita: wimbi limegeuka sehemu moja ya kumi tu ya duara, tena wakati huohuo kifua kizima kinapanda na kushuka kwa pumzi. Mtikisiko huo mdogo unatakiwa uchambuliwe kutoka ndani ya ule mkubwa, na hapo ndipo vifaa vya bei rahisi vinapodanganya bila hata kujua kama vinadanganya.

Nilianza kazi nikiwa muuguzi kabla sijahamia karakana ya vifaa tiba, kwa hiyo kifaa kikinijia lazima nikipime kwa kidole cha mkono wangu. Kimoja tulikitundika juu ya kitanda cha karakanani, kijana mmoja wa ofisini akalala chali, nami nikashika mshipa wa mkono wake. Skrini ikasema pumzi 18, moyo 72. Pumzi ilikuwa sahihi kabisa. Kidole changu kilihesabu mapigo 88. Nikamwomba apumue taratibu zaidi. Pumzi zilipofika 15, "moyo" kwenye skrini ukashuka hadi 60, na mkononi mapigo yalikuwa bado yamezidi 80. Angalia hesabu: 18 mara 4 ni 72, na 15 mara 4 ni 60. Pumzi ya mtu si wimbi laini. Inaacha vivuli vyake kwenye mara mbili, mara tatu, mara nne ya kasi yake, na kivuli cha nne kinaangukia palepale unapotegemea moyo wa mtu mwenye afya. Kifaa kilikamata kivuli kikakiita moyo. Alipobana pumzi kadiri alivyoweza, vivuli vikatoweka na mapigo ya kweli yakajitokeza kwenye mchoro.

Vifaa vizuri vina njia za kukwepa mtego huo, na vipo vilivyokubaliwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani kwa matumizi ya hospitali. Lakini kile cha kaka yako kijaribu kwanza hivyo nilivyofanya. Kama mapigo yanafuata pumzi za mzee zinapopungua na kuongezeka, ile namba ya moyo iache kabisa. Na kama moyo wa mzee unapiga bila mpangilio, jambo ambalo kwa wenye moyo uliotanuka hutokea mara nyingi, rada ndiyo kabisa isikupe uhakika. Hiyo ni kazi ya ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo.

Sasa sikiliza habari njema, maana ipo. Kwa ugonjwa wa baba yako, pumzi ndiyo yenye maneno mengi. Maji yakianza kujaa kwenye mapafu, pumzi za usiku huanza kuongezeka kabla mgonjwa hajalalamika. Mzee aliyezoea kupumua mara 16 kwa dakika akiwa usingizini, ukiona usiku wa kwanza 19, wa pili 21, wa tatu 23, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpigie daktari wake asubuhi hiyo. Hapohapo muulize mzee kama ameongeza mito ya kulalia, tazama miguu kama imevimba, na mpime uzito: kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni dalili ya maji, hakuna mtu anayenenepa kwa kasi hiyo. Kuna pia upumuaji unaojulikana sana kwa moyo dhaifu: pumzi zinakua, zinakua, kisha zinafifia hadi zinasimama kwa sekunde kadhaa, halafu zinaanza upya. Rada inauchora vizuri sana, na ule mchoro ukimpelekea daktari umempa kitu ambacho asingekiona mchana kliniki.

Kuhusu kukiweka: kiwe mita 1 hadi 2 kutoka kifuani, kikitazama kifua, ukutani upande wa kichwani au darini. Blanketi na chandarua cha nailoni au polista havizuii mawimbi haya. Kinachosumbua ni mwendo. Chandarua kinachopeperushwa na upepo, pazia la dirisha lililo wazi, au pangaboi, vyote vinaweza kusomwa kama mtu anayepumua. Chandarua kichomeke vizuri chini ya godoro. Chuma na bati hurudisha mawimbi kwa nguvu, basi usikielekeze kwenye kabati la chuma, na kama chumba cha mzee hakina dari ujue bati la juu litaleta mwangwi. Paka asilale kitandani, naye anapumua.

Muulize kaka yako swali moja kabla hajanunua: hesabu inafanyika ndani ya kifaa, au inapelekwa kwanza kwenye kompyuta za kampuni? Kama inapelekwa, bando likiisha au mtandao ukisumbua huko mgombani, umekosa usomaji wa usiku mzima. Umeme wenyewe si tatizo kubwa, vingi vinatumia chaja kama ya simu na pawabenki inavimudu.

Na baba yako aambiwe kifaa ni cha nini. Usimtundikie kitu juu ya kitanda chake kimyakimya.

Dada, nina mapacha wachanga, walizaliwa kabla ya muda na sasa tuko nyumbani. Shemeji ameleta kifaa cha rada cha kuangalia watoto wakilala. Mama mkwe anasema mionzi itawaharibu. Nikizime? Na kikiwa kinawaka naweza kulala bila wasiwasi?
*Mama wa mapacha, Sakina, Arusha*

Hongera mama kwa kuwafikisha nyumbani. Mama mkwe anawapenda wajukuu, na neno mionzi limetisha watu kwa sababu ya eksirei. Mawimbi haya si ya aina hiyo. Hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili. Kinachoweza kutokea yakiwa makali ni joto tu, na haya si makali. Vifaa vingi vya chumbani hutoa nguvu ya takriban miliwati 10, wakati simu ya kawaida ya mtandao wa 2G inaweza kufikia wati 2 inapotafuta mnara. Tena kwenye gigahezi 60 mawimbi hayaingii mwilini hata milimita moja, yanaishia kwenye ngozi. Simu iliyo karibu na kichwa cha mtoto unaponyonyesha ingenifanya niseme neno kabla ya rada iliyo ukutani.

Swali lako la pili ndilo linalonitia wasiwasi. Usilale kwa kukitegemea. Madaktari wa watoto wa Marekani wametoa mwongozo ulio wazi kwamba vifaa vya nyumbani vya kuangalia pumzi visitumike kama njia ya kuzuia kifo cha ghafla cha mtoto usingizini. Kinacholinda ni kumlaza chali, kwenye godoro gumu, bila mito wala blanketi zito karibu na uso, bila moshi chumbani. Kwa mapacha kuna tatizo jingine: wakilala ubavu kwa ubavu kwa umbali uleule kutoka kifaa, kinaweza kuchanganya pumzi zao kikakupa namba moja isiyo ya yeyote. Kila mmoja na kitanda chake, tena hiyo ni salama kwao hata bila rada.

Kipimo chako wewe ni macho na dakika moja. Mtoto akiwa ametulia, hahangaiki wala halii, funua kifua na tumbo, hesabu pumzi kwa dakika nzima, usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne kwa sababu wachanga hupumua kwa kusitasita. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka hii: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno, miezi 2 hadi 11, ni 50, mwaka 1 hadi 5, ni 40. Ukifika hapo, au ukaona kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au mtoto akasimama kupumua kwa sekunde 20, ni hospitali, hata kama skrini inaonyesha rangi ya kijani.

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, wodi ya wagonjwa wa ndani, Arusha. Usiku tunakuwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya 30. Muuzaji mmoja amekuja kwa uongozi akisema rada yake itatupunguzia kupima vipimo vya uhai. Uongozi umeniomba maoni yangu. Niseme nini?
*Muuguzi wa zamu ya usiku*

Marahaba mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umegusa kitu kinachoniuma.

Katika miaka yangu ya kazi nimefungua mafaili mengi. Safu ya joto ina namba zinazopanda na kushuka, safu ya presha vilevile. Ukifika kwenye upumuaji unakuta 20, 20, 20, kwa kijana aliyevunjika mguu na kwa bibi mwenye nimonia, mchana na usiku. Siwalaumu wauguzi. Joto lina kipimajoto, presha ina mashine, oksijeni ina kile cha kubana kidoleni. Pumzi ina macho yako na mshale wa sekunde, dakika nzima kwa kila mgonjwa. Wagonjwa 30 ni nusu saa ya kusimama bila kufanya kingine chochote, na dripu ya kitanda cha pembeni inakaribia kuisha. Nani ataiweza? Hivyo kipimo kinachotangulia vingine kuonyesha kwamba mgonjwa anaharibikiwa ndicho tunachokikisia.

Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza kilitoa mwaka 2012, na kuupitia upya mwaka 2017, mfumo wa alama za tahadhari ambao hospitali nyingi duniani zimeuiga. Humo pumzi 12 hadi 20 ni alama 0. Pumzi 21 hadi 24 tayari ni alama 2, na 25 au zaidi ni alama 3, ambayo peke yake inatosha kumwita mtu amtazame mgonjwa haraka. Tofauti kati ya "20" ya mazoea na 25 ya kweli ndiyo tofauti ya kumwita daktari saa nane usiku au kumkuta mgonjwa hajitambui saa kumi na mbili.

Kwa hiyo rada ninaitaka wodini, na ninaitaka kwa ajili ya pumzi. Ninaitaka kwa mgonjwa aliyeungua ambaye hana ngozi ya kubandika kitu. Ninaitaka kwa mgonjwa wa kifua kikuu, ili muuguzi asiingie chumbani mara sita kwa ajili ya kuhesabu tu. Ninaitaka kwa mzee aliyechanganyikiwa anayeng'oa kila waya. Ila kwenye maoni yako andika waziwazi kwamba haipunguzi vipimo vingine. Haipimi oksijeni kwenye damu, haipimi joto, na presha haijafika mahali pa kuaminiwa wodini. Muuzaji akisema inapima vyote hivyo kwa pamoja, mwombe akuonyeshe imelinganishwa na kipimo gani, kwa wagonjwa wa aina gani. Vijana wenye afya waliolala kimya maabarani si wagonjwa wako.

Mwulize pia kinatokea nini mgonjwa akijigeuza. Mtu akijigeuza kitandani usomaji unavurugika kwa sekunde kadhaa, hilo ni la kawaida. Kifaa cha kuaminika kinaonyesha kwamba kwa sasa hakijasoma. Kinachoendelea kutoa namba safi wakati mgonjwa ameinuka kwenda chooni kirudishe kwenye boksi siku hiyohiyo.

Atakwambia kihisi kimoja kinatosha vitanda vinne kwa sababu kina antena nyingi. Hapo kuwa makini. Ni kweli antena nyingi zinakipa uwezo wa kujua upande ambao mwangwi unatoka: chipu yenye antena 3 za kutuma na 4 za kupokea inafanya kazi kama yenye vipokeo 12. Na kwa umbali ni hodari zaidi, kifaa kinachofagia upana wa masafa wa gigahezi 4 kinatenganisha vitu vilivyopishana kwa karibu sentimita 4. Lakini kwa upande, safu ya vipokeo 8 vilivyo kwenye mstari mmoja inatenganisha watu waliopishana kama nyuzi 14. Kwa umbali wa mita 3 hizo ni kama sentimita 75. Pima nafasi ya kati ya vifua vya wagonjwa wako, ukikumbuka ndugu anayekaa kwenye stuli katikati, na nguzo za chuma za dripu zinazorusha mwangwi kila upande. Mimi ningeandika: kihisi kimoja, kitanda kimoja, kikitazama kutoka juu.

King'ora kiwekwe kwa busara. Kikilia kila mgonjwa akikohoa, ndani ya wiki mbili wauguzi watakizima, na watakuwa na haki. Mimi ningependelea kilie pumzi zikikaa 25 au zaidi kwa dakika kadhaa mfululizo, au zikishuka hadi 8, au zikikatika. Kikilia, mtu anakwenda kitandani, anamwamsha mgonjwa, anahesabu mwenyewe, anabana kidole apate oksijeni. Muuzaji aeleze hilo kwa uongozi mbele yako: kifaa hakiongezi mikono wodini, kinaonyesha mikono iliyopo ianzie kitanda gani. Wakiitumia kama sababu ya kubakiza muuguzi mmoja, kataa kwa maandishi.

Makaratasi: kifaa cha kutibia au kupimia wagonjwa kinapita kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa kuwa kinatoa mawimbi ya redio, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nayo inahusika. Na taarifa za afya za mgonjwa ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, basi ijulikane kwa maandishi zinahifadhiwa wapi na nani anazifungua.

Jirani yangu, tunayetenganishwa na ukuta mmoja, ameweka kifaa hicho chumbani kwake. Je, kinaweza kunisoma na mimi?
*Mpangaji, Njiro*

Kama ukuta wenu ni wa tofali za saruji na kifaa ni cha gigahezi 60, usihofu. Mawimbi mafupi kiasi hicho hayavuki ukuta wa namna hiyo yakabaki na maana. Ukuta wa mbao nyembamba au jipsamu ungenifanya nisite. Rada zinazopenya kuta zipo, ila hutumia masafa ya chini zaidi. Baada ya tetemeko la ardhi la Nepal mwaka 2015, kifaa cha rada kilichobuniwa na maabara ya NASA iitwayo Jet Propulsion Laboratory kilisaidia kuwapata wanaume wanne waliofukiwa kwenye kifusi huko Chautara, kwa kusikia mapigo ya mioyo yao. Kile kilitengenezwa makusudi kwa kazi ya uokoaji. Cha jirani yako ni cha kitanda chake.

Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi wa umeme hapa Arusha, mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kupima pumzi na moyo kwa bodi ya rada ya Texas Instruments, IWR6843. Pumzi napata wakati mwingine, moyo unarukaruka. Rafiki yangu anasema kosa ni kuchagua gigahezi 60 kwa sababu oksijeni ya hewani inanyonya masafa hayo. Nibadilishe bodi?
*Mwanafunzi, Arusha*

Marahaba. Bodi usibadilishe. Rafiki yako amesoma kitu cha kweli akakitumia mahali pasipohusika. Oksijeni inanyonya gigahezi 60 kwa kama desibeli 15 kwa kilomita. Wewe una mita 3 za kwenda na 3 za kurudi. Hasara yako haifiki sehemu moja ya kumi ya desibeli. Kwa viunganishi vya nje, vya mnara kwa mnara, hiyo ni hoja nzito. Chumbani haina uzito.

Nahisi tatizo lako la pumzi ni pale unapochagua umbali wa kusoma. Wengi huchukua umbali wenye mwangwi mkubwa kuliko wote, na chumbani mwangwi mkubwa mara nyingi ni fremu ya chuma ya kitanda au ukuta, si mtu. Kwanza toa vile visivyosogea, kisha tafuta umbali ambao fezi yake, yaani mahali wimbi lilipofika kwenye duara lake, inapanda na kushuka kwa mwendo wa pumzi, yaani kati ya hezi 0.1 na 0.5. Angalia pia kama unanyoosha fezi sawasawa, yaani unaunganisha duara moja na linalofuata bila kuruka. Kati ya fremu moja ya rada, yaani usomaji mmoja, na inayofuata, kifua kisisogee zaidi ya robo ya wimbi, milimita 1.25 kwa bodi yako, la sivyo hesabu inaruka duara zima. Kwa fremu 20 kwa sekunde pumzi ya kawaida haifiki hapo. Mtu akijigeuza inafika, basi kata kipande hicho, usijaribu kukiokoa.

Kuhusu moyo, soma jibu la binti wa mzee hapo juu, vivuli vya pumzi vinakuhusu wewe kuliko yeye. Halafu tazama urefu wa dirisha lako, yaani kipande cha rekodi unachokichambua kwa mkupuo mmoja. Ukichambua sekunde 30, unaweza kutofautisha mapigo yaliyopishana 2 kwa dakika. Ukichambua sekunde 10, ni 6 kwa dakika, na namba itarukaruka hata programu ikiwa haina kosa. Dirisha refu linatuliza namba, lakini linachelewa kuonyesha badiliko. Chagua, na uandike kwenye ripoti kwa nini umechagua.

Usilinganishe na saa ya mkononi. Tafuta ECG ya kweli kwa moyo na mkanda wa kifuani kwa pumzi, na saa za vifaa vyote ziende pamoja, kwa sababu tofauti ya sekunde 5 itakuonyesha makosa yasiyokuwepo. Ukitaka kurekodi wagonjwa, kibali cha maadili kipatikane kwanza kupitia chuo, kabla hujawasha bodi. Kwa ushauri wangu ungeuelekeza mradi wote kwenye pumzi: kitanda chenye chandarua, pangaboi likizunguka, watu wawili chumbani, usiku mzima. Maabara nyingi zimeonyesha mapigo ya moyo ya mtu mmoja aliyekaa kimya kwenye kiti. Chumba kama chetu, chenye bati na chandarua, kinahitaji mtu wa hapa akipime.

Ukipata rekodi ya usiku wa kwanza niandikie, uniambie kihisi umekitundika wapi na pangaboi lilikuwa kwenye namba ngapi.